Sangara: samaki aliyebebwa kwa ndoo

Nakala ya kipindi cha redio, kwa kusomwa katika vikundi vya wasikilizaji

(Muziki wa kufungulia. Sauti ya maji na makasia.)

Karibu tena tuzitembelee nchi jirani na historia yake.

Leo hatuzungumzii wafalme wala vita. Tunazungumzia samaki. Usicheke. Samaki huyu aligeuza maisha ya mamilioni ya watu katika nchi tatu, akajenga viwanda, akafuta vitoweo ambavyo babu zetu walivijua kwa majina, na hata akasababisha serikali mbili kugombea mwamba ulio katikati ya maji. Na hayo yote aliyafanya bila kuomba kuja. Alibebwa kwa ndoo.

Kama wewe ni mtu wa Uvira, Fizi, Kalemie, Rumonge au Nyanza-Lac, ziwa ulilijua kabla hujajua kusoma. Unamjua mukeke, ambaye hapa Kigoma anaitwa mgebuka. Unamjua sangala, yule mkubwa ambaye akiletwa mezani wageni hunyamaza kwanza. Basi samaki wa leo ni ndugu yao wa damu. Tanzania anaitwa sangara, Kenya mbuta, Uganda mputa. Wakongomani waliokulia kando ya Mto Kongo wanamwita kwa jina la Kifaransa, kapiteni. Majina mengi, samaki mmoja. Wataalamu wanamwita Lates niloticus, yaani Lates wa Nili.

(Muziki kidogo.)

JAMAA LA MACHO YA DHAHABU

Tumjue kwanza mwenyewe. Sangara ana umbo la fedha, mgongo umeinuka kidogo nyuma ya kichwa, na mdomo mpana unaofunguka ghafla. Macho yake, ukimulika taa usiku, yanang'aa rangi ya dhahabu. Macho hayo yameumbwa kuona katika mwanga hafifu, na ndiyo maana huwinda vizuri wakati wenzake hawaoni.

Mkubwa kabisa anaweza kufikia urefu wa mita mbili na uzito wa kilo 200. Piga picha ya magunia manne ya mahindi ya kilo hamsini yaliyofungwa pamoja, halafu uyape mkia. Lakini wengi wanaovuliwa siku hizi hawafiki hata sehemu ndogo ya ukubwa huo, na sababu yake tutaifikia.

Anapozaliwa si wa kutisha. Akiwa mdogo hula viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, kisha wadudu wa maji na uduvi. Akikua hugeukia samaki wenzake, na hapo habagui. Chakula kikipungua, hula hata watoto wa ukoo wake. Jike huwa kubwa kuliko dume, na jike lililokomaa linaweza kutaga mamilioni ya mayai kwa mara moja. Halilindi mayai hayo. Huyaachia majini yaende zake, na katika mamilioni, wachache wakiishi inatosha. Kumbuka jambo hili la mayai, tutalirudia.

Kitu kimoja kinamtawala sangara: pumzi. Anahitaji maji yenye hewa safi nyingi. Kwenye matete mazito na kwenye matope ya kina ambako hewa ni haba, yeye hakai. Samaki mdogo aliyezoea sehemu hizo hupata humo pa kujificha.

Binadamu wamemjua sangara tangu kale. Misri ya Kale ilikuwa na mji ambao Wagiriki waliuita Latopolis, mji wa samaki Lates. Leo unaitwa Esna. Pale samaki huyu alihesabiwa kuwa mtakatifu, akakaushwa na kuzikwa kwa heshima kama walivyozikwa watu. Na kwa upande wa Kongo, pale Ishango, Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta vichwa vya mikuki ya mfupa yenye meno, vilivyotengenezwa na wavuvi wa zaidi ya miaka elfu kumi iliyopita. Katika masalio ya samaki wa mahali hapo imo mifupa ya Lates. Leo Ziwa Edward halina sangara hata mmoja. Alikuwepo, akatoweka, na maporomoko ya Semliki yakamzuia kurudi kutoka Ziwa Albert.

Hivyo ndivyo asili ilivyopanga: sangara alikuwa Nili, Kongo, Niger, Ziwa Chad, Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Ninyi mnaotusikiliza mkiwa Kakuma mko katika kaunti ya ziwa ambalo ni nyumbani kwake hasa. Ninyi wa Kyangwali, mliovuka Ziwa Albert kwa mitumbwi, mlipita juu ya maji yake ya asili. Lakini katika ziwa kubwa kuliko yote Afrika, Ziwa Viktoria, sangara hakuwepo. Maporomoko ya Murchison, ambako Nili inadondoka zaidi ya mita arobaini, yalikuwa ukuta. Samaki wa Albert hakuweza kuupanda.

(Muziki kidogo.)

ZIWA LILILOKAUKA LIKAJAA UPYA

Ziwa Viktoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800. Limegawanywa kati ya Tanzania, Uganda na Kenya, na Kenya ina kipande kidogo tu, karibu sehemu sita kwa mia. Ni pana lakini si refu kwenda chini: kina chake hakizidi sana mita 80. Ziwa Tanganyika, ambalo wengi wenu mnalijua, lina kina cha karibu mita 1,470. Kwa hiyo Viktoria ni kama sahani, na Tanganyika ni kama chungu kirefu.

Sahani hukauka upesi. Wataalamu waliochimba matope ya chini ya Ziwa Viktoria walikuta tabaka la udongo uliowahi kuwa nchi kavu. Kiasi cha miaka 15,000 iliyopita, mahali ambapo leo meli zinapita palikuwa na nyasi. Kisha mvua zikarudi, ziwa likajaa, na humo wakachipuka samaki wadogo ambao Tanzania wanaitwa furu, Kenya fulu, na Uganda nkejje.

Furu walikuwa wengi ajabu. Wataalamu wanakadiria kuwa aina zao zilizidi 500, na karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Kila aina ilikuwa na kazi yake, kama mafundi katika soko moja. Walikuwepo waliovunja konokono kwa meno, waliokwangua miani juu ya mawe, waliochuja matope, waliokula wadudu, waliobandua magamba ya wenzao, na wakubwa kidogo waliowinda samaki wadogo. Madume walipendeza kwa rangi za bluu, nyekundu na njano, na majike waliwachagua waume zao kwa rangi hizo.

Sasa lile jambo la mayai. Jike la furu hutaga mayai machache tu, kisha huyabeba mdomoni. Watoto wakishaanguliwa, hurudi mdomoni mwa mama hatari inapokuja. Ni malezi ya upendo mkubwa, lakini ni malezi ya mahali penye adui wa kadiri. Mama mwenye watoto makumi hawezi kushindana na mama mwenye mayai mamilioni, tena yule wa mamilioni akiwa ndiye anayemla.

(Muziki kidogo.)

RELI, NYAVU NA PENGO

Kabla ya ukoloni, watu wa ziwa walivua kwa mitego ya matete, vikapu, ndoana na mikuki. Samaki aliyependwa kuliko wote pande nyingi za ziwa alikuwa ngege, aina ya perege wa asili. Samaki aliliwa karibu na pale alipovuliwa, au alikaushwa na kupelekwa kubadilishwa na nafaka.

Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu. Miaka minne baadaye, 1905, zikaingia nyavu za kutega za kizungu zilizosukwa kwa nyuzi za kitani. Sasa samaki alikuwa na soko Nairobi, na mvuvi alikuwa na chombo cha kumpata kwa wingi. Haikuchukua miaka mingi ngege akaanza kuadimika. Nyavu zilirudi nyepesi.

Serikali ya kikoloni ikamleta mtaalamu wa uvuvi, Michael Graham, kulichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928. Alishauri matundu ya nyavu yasipungue inchi tano, ili ngege wapate kuzaa kabla ya kuvuliwa. Aliandika pia onyo: kuleta ziwani samaki mkubwa mla samaki kutoka mahali pengine ni hatari kubwa, pasipofanyika kwanza uchunguzi wa kina.

Onyo hilo liliandikwa mwaka 1929. Yaani hakuna anayeweza kusema kwamba hatari haikujulikana.

Lakini njaa ya samaki iliendelea. Katika miaka ya 1950 Tanganyika na Uganda ziliondoa sheria ya inchi tano, nyavu za nailoni zikaingia, na ngege akazidi kwisha. Ndipo maofisa wa idara ya wanyama na uvuvi ya Uganda wakaanza kusema hivi: ziwa limejaa furu, samaki wadogo wenye miba mingi ambao hawana bei. Tukimleta mla samaki mkubwa, atawageuza hao takataka kuwa nyama nzuri. Na wazungu wapenda kuvua kwa fimbo watapata mchezo.

Watafiti wa taasisi ya uvuvi pale Jinja walipinga. Mmoja wao, Geoffrey Fryer, alieleza kwa maandishi mwaka 1960 jambo ambalo kila mfugaji analielewa: kila hatua ya kulana hupoteza chakula. Ili upate kilo moja ya mla nyama, kilo nyingi za mliwaji zinatoweka. Ukitaka chakula kingi, vua anayekula majani, usimlishe simba. Hawakusikilizwa.

(Muziki kidogo.)

NDOO

Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilikamilika pale Jinja, mahali Nili inapoanza safari yake. Na ni katika miaka hiyohiyo, kwa ushuhuda uliokuja kutolewa baadaye na mtu aliyefanya kazi katika idara ile, ndipo sangara wachache kutoka Ziwa Albert walipomiminwa kimyakimya katika Ziwa Viktoria. Hakukuwa na mkutano wa hadhara. Wavuvi hawakuulizwa. Wanawake waliokausha furu na kuwauza kwa mafungu hawakuulizwa. Tanganyika, yenye karibu nusu ya ziwa, haikuulizwa.

Mwaka 1960 sangara walianza kuonekana kwenye nyavu upande wa Uganda. Sasa hoja ikageuka: maadamu ameshaingia, kuna haja gani ya kubishana? Mwaka 1962 na 1963 wengine wakapandikizwa waziwazi, Uganda na Kenya, wakitolewa Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Hii ndiyo miaka bendera za uhuru zilipopanda. Wakoloni waliondoka, na samaki akabaki.

Kisha pakawa kimya. Kwa takriban miaka ishirini sangara hakufanya kelele. Alivuliwa mmoja hapa, mmoja pale. Baadhi ya wataalamu wanadhani furu wenyewe walimzuia, kwa kuwala watoto wake na kugombania nao chakula. Walikuwa wengi mno. Lakini wakati huohuo furu nao walikuwa wanapunguzwa na binadamu. Katika miaka ya 1970 meli za kukokota nyavu ziliwavua Mwanza kwa ajili ya kiwanda cha kuwasaga kuwa chakula cha mifugo.

Mwisho wa miaka ya 1970, katika ghuba ya Kisumu, kizuizi kikavunjika. Sangara wakajaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikawa zamu ya Uganda, na katikati ya miaka hiyo ikawa zamu ya Ghuba ya Mwanza, mbele ya macho ya watafiti wa Kitanzania na Kiholanzi waliokuwa bado wanaziorodhesha aina za furu. Samaki wengine walitoweka kabla hawajapewa jina. Furu, ambao walikuwa karibu sehemu 80 kwa mia ya uzito wote wa samaki wa chini ziwani, walishuka hadi chini ya sehemu moja kwa mia. Aina zinazokadiriwa kufikia 200 zilipotea. Ni miongoni mwa vifo vikubwa na vya haraka zaidi vya viumbe wenye uti wa mgongo kuwahi kushuhudiwa na binadamu.

Tuwe waadilifu: sangara hakufanya yote peke yake. Misitu ilikatwa, mbolea na uchafu wa miji vikaingia ziwani, maji yakawa ya kijani na giza, na sehemu za chini zikakosa hewa. Katika maji ya giza, jike la furu haoni tena rangi ya dume, na aina zikaanza kuchanganyika. Ziwa lilipigwa kwa mikono miwili.

(Muziki kidogo.)

MINOFU NA MAPANKI

Sasa unaweza kuuliza: je, wale maofisa hawakupata walichokitaka? Walikipata. Samaki wote waliovuliwa Ziwa Viktoria, waliokuwa kiasi cha tani 100,000 kwa mwaka katika miaka ya 1970, walifika karibu tani 500,000 mwishoni mwa miaka ya 1980, na sehemu kubwa ilikuwa sangara. Vijana walioshindwa na kilimo walikimbilia mialoni. Nyumba za bati zilijengwa, watoto wakasomeshwa. Uganda ilifika mahali samaki wakawa wa pili kwa kuingiza fedha za kigeni, nyuma ya kahawa tu. Anayesema samaki huyu alileta hasara tupu hajaongea na mvuvi.

Lakini tazama ni nani aliyekula nini. Furu alianikwa juani, akakauka bila gharama, na mwanamke maskini aliweza kumnunua na kumuuza. Sangara ana mafuta mengi, jua halimtoshi. Anataka moshi au mafuta ya kukaangia, na moshi unataka kuni. Miti ya visiwani ikaanguka. Kisha viwanda vikaja, Kenya kwanza, halafu Mwanza, Musoma, Bukoba, Entebbe na Jinja. Magari yenye barafu yalifika mwaloni na fedha taslimu, na mama mwenye beseni hakuweza kushindana na bei yake.

Kiwandani samaki alikatwa. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya na kwingineko. Mabondo, ile mifuko ya hewa ya tumboni, yalipelekwa China na Hong Kong, ambako hupikwa supu ya bei kali. Leo kilo ya mabondo hushinda kwa mbali kilo ya minofu. Kilichobaki, yaani kichwa, uti wa mgongo na nyama kidogo iliyoshika mfupa, kilirudi kwa wenyeji. Mwanza wanaita mapanki. Kisumu wanaita mgongo wazi. Jina lenyewe linakuonyesha mchoro: mgongo usio na kitu juu yake.

Hata hivyo watu hawakukaa kulia. Mapanki yalikaangwa, yakauzwa, yakalisha familia. Na ule upande wa samaki waliokataliwa na viwanda ulizaa biashara nyingine ambayo wewe pengine umeila bila kujua asili yake: kayabo, sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa. Kutoka soko la Mwaloni, Kirumba, pale Mwanza, marobota ya kayabo husafiri hadi Kongo. Wakongomani mnaoita samaki wa chumvi makayabu, mnasikia jinsi majina hayo yanavyofanana.

Biashara ya mbali ina mlango unaofungwa na mtu wa mbali. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria, baada ya taarifa kwamba kuna wavuvi waliokuwa wakitumia sumu ya wadudu kuulia samaki. Viwanda vilisimama na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Mvuvi mwaminifu, asiyejua hata sumu hiyo inanunuliwa wapi, aliumia sawasawa na mwenye kosa.

Na mialoni ilikuwa na mambo yake mengine. Samaki alipokuwa haba, wanaume wenye mitumbwi waliwataka wanawake wachuuzi miili yao kwanza ndipo wawauzie. Kenya desturi hiyo inaitwa jaboya. Virusi vya Ukimwi vilisambaa katika jamii za wavuvi kuliko nchi kavu. Tunalitaja kwa sababu kuna dada zetu wanaotusikiliza ambao watalitambua jambo hili bila kufafanuliwa, hata kama hawajawahi kuliona ziwa. Penye bidhaa chache na mwenye funguo mmoja, ndivyo huwa.

(Muziki kidogo.)

MWAMBA MDOGO, SHERIA NYINGI

Uvuvi ulipozidi, sangara naye akaanza kupungua ukubwa. Wale wa kilo mia wakawa hadithi. Nchi tatu zikakubaliana kwamba ziwa ni moja na samaki hajui mpaka: mwaka 1994 walitia saini Kisumu mkataba wa kuanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, lenye makao yake Jinja. Kanuni mojawapo iliyowekwa ilikuwa ya kipimo: sangara wa kuvuliwa awe kati ya sentimita 50 na 85. Chini ya hapo ni mtoto. Juu ya hapo ni mama mwenye mayai mengi. Wote wawili waachwe.

Kanuni ni nzuri, utekelezaji ni mgumu. Uganda ilipeleka wanajeshi ziwani mwaka 2017. Mwaka 2018 Tanzania ilifanya msako ulioitwa Operesheni Sangara, makokoro na nyavu za timba zikachomwa moto kwa maelfu. Wako wanaosema samaki waliongezeka baada ya hapo. Wako wanaosema waliochomewa ni wadogo, waliokopa fedha za kununulia nyavu hizo. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Na upo Migingo, mwamba mdogo kuliko uwanja wa mpira, uliojaa vibanda vya mabati, ambao Kenya na Uganda wameugombea tangu miaka ya 2000. Mwamba wenyewe hauna kitu. Maji yanayouzunguka ndiyo yenye sangara.

(Muziki kidogo.)

NENO «MGENI»

Tumefika mahali ninapokuomba utulie kidogo.

Katika vitabu, sangara wa Ziwa Viktoria anaitwa samaki mgeni, na wengine humwita mvamizi. Wewe unayesikiliza hapa umeitwa mgeni mara nyingi, kwa wema na kwa ubaya. Huenda umewahi kusikia mtu akitoa mfano huu wa samaki ili aseme neno juu ya watu. Usiukubali mfano huo, na tukueleze kwa nini.

Kwanza, mtu si samaki. Sangara na furu ni viumbe wa aina mbalimbali, mmoja akimla mwingine. Wewe na mwenyeji wako ni aina moja. Mnaweza kuoana, kujadiliana bei, kuzikana na kuombana radhi.

Pili, angalia sangara katika ziwa alikozaliwa. Turkana na Albert ameishi na samaki wengine kwa vizazi visivyohesabika, na hao wengine bado wapo. Kule Tanganyika ndugu zake wanne, mukeke na wale watatu wakubwa, wamekaa na mamia ya aina za samaki wadogo, ndugu wa furu, kwa muda mrefu mno. Samaki wadogo wa kule wamejifunza kukimbilia mawe, na walaji wamejifunza kufuata ndagala katika maji mapana. Wakubwa hao waliadimika kaskazini mwa Tanganyika baada ya vyombo vikubwa vya uvuvi kuingia Burundi katika miaka ya 1950. Waliomaliza sangala hawakuwa samaki. Kwa hiyo ubaya haukuwa katika tumbo la sangara.

Tatu, na hili ndilo kubwa: sangara hakuvuka maporomoko ya Murchison kwa nguvu zake. Kuna watu walikaa ofisini, wakasoma onyo, wakaliweka kando, wakaagiza ndoo. Historia hii ni ya uamuzi uliofanywa na wachache juu ya maji ya wengi. Ukitafuta wa kuulizwa, usianze na aliyekuwa ndani ya ndoo. Anza na aliyeishika.

(Muziki kidogo.)

LEO

Je, furu wamekwisha? La. Tangu miaka ya 1990, sangara alipopunguzwa na nyavu, baadhi ya aina za furu zilianza kuonekana tena. Wengine walikuwa wamejificha kwenye mawe na matete, mahali sangara hapapendi. Na wengine wamerudi wakiwa wamebadilika: watafiti wa Mwanza wamepima furu wenye mashavu yaliyopanuka kuliko ya babu zao wa miaka ya 1970, ili wavute hewa zaidi katika maji yenye hewa kidogo, na wanakula vyakula ambavyo babu zao hawakuvigusa. Aina nyingi hazitarudi kamwe. Zilizobaki zinajenga upya kwa kile kilichopo.

Na wengine walinufaika na msukosuko huo. Dagaa wa Viktoria, ambaye Kenya ni omena na Uganda ni mukene, amekuwa wa kwanza ziwani kwa uzito wa samaki wanaovuliwa. Ni mdogo, anazaa upesi, anakauka juani bila kuni, na anapimwa kwa kikombe sokoni hata kambini. Mnofu ukienda mbali kwa ndege, dagaa ndiye anayebaki kumlisha mtoto. Leo jioni, kama una bahati ya kikombe kimoja cha dagaa, mtazame kabla ya kumtia chunguni. Huyu alipita katikati ya yote tuliyoyasimulia.

Wazee mnaotusikiliza, mliovua Tanganyika, Albert, Edward au Turkana, mna elimu ambayo haijaandikwa: majina ya samaki, miezi yao, mawe yao, namna maji yalivyokuwa kabla. Katika Ziwa Viktoria kuna samaki waliokufa na majina yao kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza wavuvi kwa wakati. Waambieni watoto. Mtoto aliyezaliwa kambini, ambaye hajawahi kuona ziwa, anaweza kujua sangala ni nani, alipatikana wapi, na bibi yake alimpikaje.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwenu, samaki gani walikuwepo zamani na sasa hawaonekani? Waliitwaje, na nini kiliwaondoa?

2. Samaki alipoanza kuuzwa mbali, nani alipata zaidi na nani alipata kidogo? Je, kuna bidhaa hapa kambini inayofanana na hilo?

3. Uamuzi gani umewahi kufanywa juu ya maisha yenu bila ninyi kuulizwa? Mngependa kuulizwa vipi?

Mjadiliane kwa heshima, akina mama na vijana wapewe nafasi ya kwanza kusema. Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo.

(Muziki wa kufungia. Sauti ya makasia ikififia.)